Mistari ya Pembeni Haihesabiwi

Mama Somoe amefariki bila kuniuliza. Kwa zaidi ya miaka thelathini nililisubiri swali lake, kila nilipokutana naye sokoni Newala, kila aliponipakulia mbaazi kwenye mfuko wangu na kuniuliza habari za watoto, habari za miguu, habari za mvua za huko chini Masasi. Majibu nilikuwa nayo tayari, mengine ya kweli, mengine ya kitaalamu, maana mtu aliyefanya kazi ya ubibi shamba mpaka akastaafu hakosi neno la kitaalamu la kujifunika. Hakuuliza. Alinipa mbaazi, nikapokea, nikashuka zangu. Simu ya Somoe, bintiye, ilinikuta uani nikipeta choroko. "Dada Skola, mama tumemzika jana alasiri," akasema. "Usitulaumu, unajua sisi hatulazi maiti. Njoo basi kwenye arobaini." Nikasema nitakuja. Simu ilipokatika nikaona choroko zote zimemwagika, na jambo la kwanza nililolihisi, nalisema wazi, halikuwa huzuni. Ilikuwa nafuu. Huzuni ilikuja baadaye ikiongozana na aibu, na mbili hizo hazijaniondoka mpaka leo.

Sitasimulia nilikozaliwa wala nilivyosomeshwa. Inatosha kujua kwamba nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mtoto wa Lukuledi, Mmakhuwa na Mkatoliki, nina cheti cha kilimo ambacho wino wake haujakauka, na kwamba mradi mmoja wa utafiti wa mahindi ulinipeleka Chilangala, kijiji cha huko juu Newala, kukaa msimu mzima. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Watu wa huko juu walizoea kupanda mahindi yakiachana, hatua moja na nusu kati ya shimo na shimo, punje tatu au nne kwa shimo, na katikati wakatupia kunde, mbaazi na muhogo. Mradi ulitaka kujua udongo ule, bila mbolea yoyote, unaweza kulisha miche mingapi. Ukiibananisha, mizizi inagombania chakula kilichomo ardhini. Ukiitawanya sana, chakula kinabaki hakina wa kukila. Mahali fulani katikati pana kipimo, na mimi ndiye niliyetumwa kwenda kukitafuta kwa kamba ya katani yenye mafundo.

Mkuu wa mradi alikaa Masasi na alipanda kwetu kwa Landrova mara moja kila wiki mbili. Jina lake sitaliandika, na Chilangala hapakuwa na aliyelitumia. Walimwita Bwana Kamba, kwa sababu kila gari liliposimama kitu cha kwanza kushuka kilikuwa kamba, cha pili tumbo, kisha ndipo akashuka mwenyewe. Alikuwa mtu nadhifu, kalamu nne mfukoni, mkali kwa daftari na mpole kwa watu. Si mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ingenisaidia sana.

Nilipangiwa kukaa kwa Mama Somoe. Alikuwa mwanamke mrefu, hana mume na hamtafuti, na shamba lake alilirithi kwa mama yake kama walivyozoea wao, ardhi kufuata tumbo la mama. Siku ya kwanza nilimkuta mlangoni anachambua kisamvu. "Shikamoo mama," nikasema, sanduku kichwani. "Marahaba mwanangu." Akaniangalia kuanzia miguuni kwenda juu. "Ndiyo wewe Bibi Shamba? Mbona bado mbichi?" Somoe, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu na vitabu vyake vya darasa la sita mapajani, akacheka mpaka akajificha uso. Mimi nikanuna. Kufika jioni nilikuwa nimekwisha sahau, kwa sababu mama yule alinipa maji ya kuoga kabla ya mtu mwingine yeyote nyumbani, na maji pale, siku hizo, yalitoka bondeni na kupanda mteremko wote kichwani mwa mtu. Nilioga ndoo nzima. Nilikuja kujua wiki ya pili kwamba ndoo ile ilikuwa ya wote watatu.

Chumba changu kilikuwa cha makopa. Muhogo mkavu ulijaa magunia mpaka nusu ya ukuta, na harufu yake ya uchachu iliingia kwenye nguo, kwenye nywele, kwenye kurasa za daftari. Hata leo nikilifungua daftari lile nahisi harufu bado imo. Ukuta wa udongo haukufika paani, kwa hiyo yote yaliyosemwa jikoni niliyasikia nikiwa kitandani, na yote niliyoyasema usingizini, Mama Somoe alidai, waliyasikia wao. "Jana umehesabu mashimo mpaka umechoka," aliniambia asubuhi moja. Jikoni, juu ya mafiga, yalining'inia mahindi ya mbegu yamefungwa kwa maganda yake, meusi kwa moshi, wadudu wasiyaguse. Yalikuwa mbegu za mama yake na za bibi yake. Tulikula ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga, siku za bahati dagaa, na jioni Somoe akiwa amepitia porini na wenzake tulitafuna ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vyembamba vya mwituni, kwa chumvi na kwa kelele. Ming'oko ilikuwa mchezo wakati huo. Nasema wakati huo.

Shamba alilolitoa kwa mradi ndilo lililokuwa bora kuliko yote aliyokuwa nayo, lililopumzishwa muda mrefu likiwa limeota vichaka. Makubaliano yalikuwa kwamba mavuno yote ni yake. Sisi tunachukua hesabu tu. Nilipoinyoosha kamba mara ya kwanza akaja kushika mafundo, moja moja, kama mtu anayesali tasbihi. "Haya ya nini?" "Ya kupimia mama. Kila fundo shimo moja." "Na mguu wako umefanya nini?" Nikamweleza habari za vitalu vitatu: cha kwanza miche imebanana, cha pili ya wastani, cha tatu imeachana kama wanavyopanda wenyewe, ila bila kunde wala mbaazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza, akasema: "Mwanangu, ukiwaita watu sita kwenye sinia la watu watatu watakula. Hawatashiba, ila sinia utalikuta limelambwa. Kesho utapakua nini?" Niliandika maneno hayo kwenye daftari, ukurasa wa nyuma, nikiyaona kuwa ni mazuri. Sikuyaona kuwa ni elimu.

Bwana Kamba alipiga kura ya vitalu kwa vikaratasi ndani ya kofia, kwa haki, mbele ya watu, na kitalu cha miche iliyobanana kikaangukia upande wa juu. Kesho yake, yeye akiwa amerudi Masasi, nilikwenda na Mama Somoe kuchota udongo wa kupeleka maabara. Utaratibu ulikuwa kuchimba sehemu kumi na tano za shamba zima, kuchanganya wote kwenye ndoo moja, halafu kufunga kifuko kimoja. Upande wa chini na wa kati udongo ulitoka mwekundu wa kichanga, ule ule wa Newala yote. Upande wa juu jembe likatoa udongo mweusi, laini, una vipande vya mkaa na vigae vya vyungu. Nikachimba hatua tatu mbele, mweusi. Hatua tano, mweusi. Mama Somoe alikuwa amesimama anatabasamu. "Hapo palikuwa jiko la mama yangu," akasema. "Nyumba ilikuwa hapa, mbuzi walilala pale. Majivu yote ya utoto wetu yamo humo. Kisha likaja agizo la vijiji, tukahamishiwa barabarani, nami nina mimba ya Somoe. Hapa pakawa mahame." Akaokota kigae, akakifuta kwa kidole, akakirudisha chini. "Hapo mwanangu, hata ukipanda kijiti cha meno kitazaa."

Nilielewa papo hapo, na jambo hilo lisipunguzwe. Sikuwa mjinga. Nilijua kwamba kitalu kile kingeshinda hata kama ningepanda miche imekaliana mabegani, na kwamba ushindi huo haungekuwa wa kamba, ungekuwa wa jiko la mwanamke aliyekwisha kufa. Nilisimama na ndoo yangu. Kisha nikautia udongo mweusi juu ya mwekundu, nikakoroga kwa mwiko wa mradi mpaka ukawa rangi moja isiyo nyeusi wala nyekundu, nikafunga kifuko. Ndivyo utaratibu ulivyosema. Utaratibu ni kitu kizuri sana kwa mtu mwoga.

Bwana Kamba alipokuja, mvua za kwanza zilikuwa zinanyesha na mbegu ziko garini. Nilijaribu. "Mzee, kile kitalu cha juu..." Akainua macho kutoka kwenye karatasi. "Kina nini?" Mvua ilikuwa inampiga begani, na alikuwa ametoka kuniambia, dakika chache tu kabla, kwamba msimu huu ukienda vizuri ataandika barua nipelekwe chuo kusomea stashahada, nafasi ni moja na wanaoitaka ni wengi. "Kura imekwisha kupigwa, Skola. Tukianza kuhamisha vitalu sasa msimu umekwenda. Kuna tatizo?" Nikasema, "Hapana mzee." Kwenye daftari palikuwa na safu iliyoandikwa Historia ya Shamba. Nikaandika neno moja, "Lilipumzishwa," nalo lilikuwa la kweli.

Mahindi yaliota. Sitaki kudanganya kwamba nilikuwa na majonzi; nilikuwa na furaha, nilikuwa binti mwenye kofia ya mradi, na kila asubuhi nilipita katikati ya mistari umande unanilowesha mpaka magotini. Kitalu cha juu kiliinuka kijani cha kuiva, majani yanapishana, huoni ardhi. Ila kitalu kile kilikuwa kimelizidi jiko kwa hatua chache, na mistari miwili ya mwisho ilidondokea kwenye kichanga chekundu. Mahindi yalipofika kiunoni majani ya chini ya mistari hiyo yakaanza kugeuka manjano, kuanzia nchani, yakifuata uti wa jani kurudi kwenye shina. Mtu wa kilimo akiona hivyo hahitaji maabara. Ni mmea wenye njaa unaokula majani yake ya zamani ili kulisha machanga. Nikamwonyesha Bwana Kamba. Hakuinama hata kidogo. "Mistari ya pembeni haihesabiwi. Hukufundishwa?" Nilifundishwa. Nilifundishwa pia sababu yake, nayo ni kwamba mistari ya pembeni hupata jua na nafasi ya ziada, kwa hiyo hudanganya kwa kunenepa. Hii ilikuwa na jua lote na nafasi yote, na bado ilikonda. Palikuwa na shahidi mmoja shambani mwetu aliyesema kweli, naye kwa mujibu wa kanuni haruhusiwi kusema.

Mama Somoe alikuwa na kaka yake mkubwa, ambaye nyumba nzima ilimwita Mjomba nami nikamwita hivyo hivyo. Alikuja mchana mmoja wa Ramadhani, mavuno yamekaribia. Mimi nilikuwa chumbani nakula. Mama Somoe alikuwa amefunga, na kila adhuhuri alinipikia uji wa mtama na kuuleta umefunikwa kwa sahani, akisema Mungu wangu hajaniagiza kufa na njaa kwake. Nilikuwa na kijiko mdomoni niliposikia sauti ya Mjomba jikoni. "Wameanza kuomba kamba, kijiji kizima. Wanaona mahindi ya juu pale, wanasema miaka yote tulikuwa tunapanda kijinga. Hawa wengi wameletwa hapa na vijiji, hawajui palikuwa na nini. Waambie basi." "Mwenye kazi ni mtoto," Mama Somoe akajibu. "Nimemwonyesha, ameona kwa macho yake. Atasema mwenyewe." "Na asiposema?" Nikasikia ufagio unagusa sakafu mara mbili. "Kaka, huyu ni mtoto wa watu, amewekwa mikononi mwangu. Siwezi kumvua nguo mbele ya wakubwa wake. Atasema." Uji ulikuwa wa moto lakini sikuendelea kuula, nikaurudisha umefunikwa vile vile. Aliuona. Hakuniuliza kwa nini nimebakiza.

Siku ya wakulima ikafika. Mabenchi yaliletwa kutoka shuleni, wanaume upande wa kivuli cha mikorosho, wanawake juani na kanga kichwani, wageni kutoka vijiji vya jirani. Mizani ilining'inia kwenye boriti, na marundo matatu ya mahindi yamewekwa kwenye maturubai. Rundo la kitalu cha juu lilikuwa mlima. Mistari ya pembeni, yenye magunzi yaliyojaa mapengo, nilikuwa nimeivuna mwenyewe siku moja kabla, nikaitupia nyuma ya choo kama kanuni inavyotaka. Bwana Kamba alizungumza vizuri, watu wakacheka alipotaka wacheke. Halafu akasema, "Sasa mwenye shamba mwenyewe awaambie wenzake. Karibu Mama Somoe." Akasimama. Midomo ilikuwa imemkauka kwa saumu. Hakumtazama Bwana Kamba wala watu, alinitazama mimi, akauliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza ugali uwe wa nini: "Mwanangu, niseme nini?"

Watu waligeuka. Bwana Kamba alikuwa anatabasamu, kalamu zake nne zinang'aa. Nimeyarudia maneno niliyoyajibu mara nyingi kuliko sala yoyote niliyofunzwa Lukuledi. Nilisema, "Sema ulichokiona, mama." Nikainamisha kichwa kwenye daftari na kujifanya naandika. "Nilichokiona ni mahindi makubwa," akasema Mama Somoe. "La zaidi anajua aliyesoma." Watu wakapiga makofi. Mchana ule tuligawa kamba, na zilipokwisha nikakaa chini na katani iliyobaki nikaanza kufunga nyingine, fundo baada ya fundo, mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Mjomba alikuja kwenye foleni akiwa wa mwisho. Nilimpa kamba yake. Akaipima kwa dhiraa, akaniambia, "Ahsante sana Bibi Shamba," akaondoka bila kuniangalia. Alikuwa mtu wa kwanza Chilangala kuniita kwa cheo changu bila utani ndani yake.

Barua ya Bwana Kamba ilifanya kazi, nikaenda chuo. Mama Somoe alinifungia fungu la mahindi ya mbegu zake, zile za moshi, niwapelekee wazazi wangu. Sijawahi kupewa zawadi nzito kuliko hiyo, nami niliibeba kama mzigo wa kawaida. Msimu uliofuata ulikuwa unaisha nilipopata barua ya Somoe, kwa mwandiko wake wa darasa la saba. Aliandika kwamba mama alipanda shamba lote kwa kamba, la upande wa juu na la kichangani, kwa sababu alisema aliyesimama mbele ya watu hawezi kurudi nyumbani akapanda kivingine. Kunde na mbaazi hazikupata pa kukaa. Wengi kijijini walifanya vivyo hivyo. Mahindi yalitoka kwa nguvu, yakafika magotini, yakaanza kuwa manjano kutoka chini, shamba baada ya shamba, na mvua ilikuwa nzuri tu. Yaliyozaa yalizaa magunzi. Ya upande wa juu mama aliyagawa kwa majirani, akisema njaa hii imepitia mlangoni kwake. Walikuwa wanakula ming'oko mchana na jioni, wamekwisha kula na mbegu za juu ya mafiga, na yeye Somoe ameacha shule, anashuka Chiwata kulima kibarua cha kulipwa chakula. "Watu wanasema maneno juu yako, dada," alimalizia. "Usijali. Mimi nawajibu."

Niliandika majibu matatu, nikayachana yote. La kwanza lilikuwa na maneno ya kitaalamu, kwamba miche mingi huchota chakula kingi ardhini kwa msimu mmoja na kuuacha udongo mtupu usiporudishiwa kitu. La pili lilikuwa na pole. La tatu lilikuwa na jiko ndani yake, na hilo ndilo nililolichana vipande vidogo kabisa. Baadaye nikaajiriwa, nikazunguka Masasi na Nanyumbu kwa baiskeli na kisha kwa pikipiki, na nikajulikana kwa swali moja. Kila nilipofika shambani kwa mtu, kabla ya salamu haijapoa, niliuliza: "Hapa zamani palikuwa na nini?" Vijana wa kazini walinisifu kwa hilo. Siku ya kustaafu kwangu mmoja alisimama akasema Mama huyu alitufundisha kuiuliza ardhi historia yake. Watu wakapiga makofi, nami nikayapokea, maana makofi ya aina hiyo nilikwisha kuyazoea.

Udongo wa kichangani haukurudi. Somoe hakurudi shule. Mama Somoe alipanda mikorosho kwenye sehemu ile iliyochoka, kwa sababu mkorosho unavumilia, na ndiyo iliyowalisha. Haya sikuambiwa na mtu. Niliyaona mwenyewe kidogo kidogo, miaka ikienda, kila nilipopanda Newala kikazi na kukutana naye sokoni na kapu lake la mbaazi. Angeweza kuniuliza. Nilikuwa na hakika ataniuliza mwaka fulani, tukiwa wazee wote wawili, na mimi ningelia, naye angesema yamepita. Nilikuwa nimeweka msamaha wake akiba bila kumuuliza kama anao.

Kwenye arobaini nilifika kisomo kikiwa kinaendelea. Chilangala sasa ina maji ya bomba na mabati karibu kila nyumba, na nyumba ya udongo yenye chumba cha makopa haipo tena. Mahali pake pana ya matofali aliyoijenga mtoto wa Somoe. Nilikaa na wanawake mkekani. Masufuria ya pilau yalikuwa nyuma, harufu ya bizari imejaa uani, na Somoe, ambaye sasa ni bibi wa wajukuu, alikuwa anazunguka na kanga kiunoni akipanga sahani. Tulipoitikia amina ya mwisho akaja akanishika mkono. "Twende kwanza nikuonyeshe mama alipo, dada. Kisha tule."

Nilidhani tunakwenda makaburini. Akanipitisha katikati ya mikorosho, njia niliyoijua kwa miguu kabla ya kuijua kwa macho, tukapanda mpaka upande wa juu wa shamba. "Aliusia mwenyewe tumlaze hapa," Somoe akasema. "Wazee walimwambia makaburini kuna nafasi karibu na Mjomba. Akakataa." Kaburi lilikuwa na kijiti kichwani na kingine miguuni. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu wamzike, tuta lilikuwa vile vile walivyolifukia: udongo mweusi, na humo ndani mkaa, na vigae vya vyungu vimejitokeza kila mahali, vingine na ukingo wake mzima. Hatua chache mbele ya hapo, pande zote, ilikuwa ardhi nyekundu.

"Wachimbaji walishangaa," Somoe akasema. "Kila jembe linatoka na kigae. Nikamuuliza bibi mmoja aliyebaki wa zamani, akaniambia hapa palikuwa jiko la nyanya yangu. Mimi sikujua. Mimi nimezaliwa barabarani, na mama hakuwahi kunitajia." Alikuwa anaongea akilitazama tuta. "Mwaka ule wa kamba, hapa ndipo palipokuwa na yale mahindi makubwa. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Ulijua, dada?"

Yale majibu yote ya kitaalamu nilikuwa nayo, hayakuwa yameniacha. Nikasema, "Nilijua. Alinionyesha mwenyewe, siku tulipochota udongo."

Hakupaza sauti. Aliinama, akaokota kigae kilichokuwa kimeteleza kutoka kwenye tuta, akakirudisha juu na kukikandamiza kwa kiganja. "Mama alikuwa akisema ulijua," akasema. "Neno hilo tu, hakuongeza kitu. Mimi ndiye niliyekuwa nambishia. Na kijijini, na huko Chiwata kwenye mashamba ya watu, kila aliyekutaja vibaya nilimjibu mimi. Miaka yote hii."

Akajipangusa mikono kwenye kanga, akashuka kati ya mikorosho kwenda kuwapakulia watu. Nilisikia sahani zinagongana, nikasikia sauti yake ikiwaita wageni mmoja mmoja, kwa majina ya watoto wao, waje wale. Nilisimama pale mpaka nikasikia wanaanza kuosha masufuria. Mimi hakuniita.